Njiwa Wale si Mume na Mke

Ni ndege wawili. Nimelisema hilo mbele ya watu wazima, wanaume wenye kanzu zilizonyooshwa kwa pasi, nikaambiwa nikae chini. Sikukaa. Na leo nalisema tena, kwa sababu huko juu ya Makuyuni bado kuna watu wanaoozesha mabinti zao kwa uongo wa njiwa, na uongo huo nusura uvunje nyumba ya mwanangu.

Nianze na ndege wenyewe, maana wao hawana kosa lolote.

Shangazi yangu, dada yake baba, ana shamba la maharage na migomba mlimani, pale ambapo mashamba yanakoma na msitu wa hifadhi unaanza. Nyuma ya nyumba yake, pembeni mwa shamba, upo mzambarau wa porini, mti mkubwa ajabu, na ukizaa hakuna amani. Kima wanakuja, hondohondo wanakuja, na njiwa wanakuja. Hao si njiwa wa bandani wanaookota punje za mtama uani. Chakula chao ni matunda ya msitu. Zambarau wanaimeza nzima nzima, halafu mbegu nyingine wanakwenda kuziangusha mbele ya safari. Kama si matumbo yao, sijui mlima ule ungekuwa na miti mingapi.

Sasa, wanaokuja pale ni wa aina mbili. Mmoja ni mkubwa, mnene, rangi yake ni ya zambarau yenyewe ikichanganyika na majivu. Kifuani na mabegani ana madoa meupe, kana kwamba kuna mtu alimrushia unga. Mdomo wa manjano, miguu ya manjano, hata ngozi inayozunguka jicho ni ya manjano. Huyo hajifichi. Asubuhi utawaona wakiruka kwa makundi, juu sana, wanashuka kuelekea bondeni kutafuta miti mingine iliyozaa, na jua likipoa wanarudi kulala mlimani.

Mwingine ni mdogo wake kwa umbo, mweusi wa moshi, hana doa hata moja. Mdomo wake hauna umanjano wala miguu yake haina. Akigeuka kwenye mwanga, shingo inang'aa kijani na rangi ya shaba. Huyo hapendi uwazi. Anakaa juu kabisa, ndani ya majani mazito, na siku nzima unaweza kumsikia bila kumwona. Anaanza taratibu, huu, huu, kisha anaharakisha na kushuka chini mpaka sauti inaishia kwenye kunguruma.

Kwetu, yule mkubwa anaitwa njiwa bwana. Yule mdogo anaitwa njiwa bibi. Umeshaona msiba unapoanzia.

Shangazi ndiye kungwi wa ukoo wetu. Mabinti wote wa kwetu wamefundwa na yeye, na katika mafunzo yake lipo somo la njiwa, ambalo analisema kwa sauti nzuri mno, ya kubembeleza. Njiwa bwana ana miguu ya manjano kwa sababu anatembea na dunia. Asubuhi anashuka bondeni, jioni anarudi na riziki. Njiwa bibi hashuki. Yeye ni wa kwenye majani, humuoni, unasikia sauti yake tu akimwita mumewe arudi salama. Na mke ndivyo alivyo, ni wa kusikika nyumbani, si wa kuonekana barabarani. Hapo mwali anaitikia, na somo linakwenda mbele.

Mimi mwenyewe nilifundwa hivyo. Nilikuwa msichana mdogo, nimewekwa ndani, nimesingwa mpaka nang'aa, na kungwi akikuambia njiwa bwana nawe unaitika njiwa bwana. Nani angethubutu kumuuliza kama amewaangalia vizuri?

Ukweli niliujua nikiwa eda. Mume wangu alipofariki tulikuwa tumepanga Chanika, hapa hapa Handeni mjini. Mwenye nyumba, Mungu anamwona, hakungoja hata udongo wa kaburi ukauke, akataka vyumba vyake. Basi nikahamishiwa kwa shangazi, nikakalia eda huko mlimani. Na mwanamke wa eda ana kazi gani? Hatembei, hajipambi, haendi harusini. Nilikaa ukumbi wa nyuma kutwa nzima, uso wangu na mzambarau, na zambarau zikawiva mbele ya macho yangu. Wageni wa matanga walipoisha, wakabaki njiwa.

Wiki za mwanzo nilikuwa naangalia bila kuona. Halafu siku moja, kwenye tawi la chini, nikawaona njiwa bibi wawili wamekaa pamoja. Mmoja, nyuma ya shingo yake, alikuwa na ukosi mweupe uliopinda kama mwezi mwandamo. Mwenzake hakuwa nao, kichwa chake kilikuwa cha hudhurungi. Yule mwenye ukosi akavimba shingo, akainama, akainuka, akainama tena, akaanza ile sauti yake. Huu, huu, huu. Mwenzake akajifanya hajaona, akasogea mbele. Jamani, mimi ni mwanamke mtu mzima, nimeolewa, nimezika. Najua kubembeleza kulivyo. Yule mwenye ukosi alikuwa dume, na mwenye kichwa cha hudhurungi alikuwa jike, na walikuwa mume na mke bila kumhitaji ndege mwingine yeyote.

Baada ya hapo sikulala mchana tena. Nilikaa macho. Nikawaona wakijenga kwenye mti mdogo ulioinamia shamba, kitu kibovu sana, vijiti vichache ambavyo hata mimi ningeona aibu kuviita nyumba. Dume analeta kijiti, jike anakipanga. Akataga. Na mchana, nani alikuwa amekalia lile yai? Ukosi mweupe. Bwana mwenyewe, ametulia kimya juu ya vijiti vyake, na mkewe ameshajiendea kula. Na ile sauti shangazi anayosema ni ya mke anayemwita mume, wallahi, kila nilipoiona ikitoka, ilitoka kwenye shingo yenye ukosi. Ni dume linalolia.

Wale wakubwa nao vivyo hivyo. Wana wake zao. Wanafanana mpaka huwezi kuwatenganisha, wote madoa, wote miguu ya manjano, wanachokorana manyoya ya shingo tawini, na asubuhi wanashuka bondeni wote, mke na mume. Hakuna aliyebaki nyuma kuwasubiri wenzake.

Nilimwambia shangazi wakati ule ule. Alikuwa anachambua maharage. Akasema mtu wa eda amwombee marehemu, asiishughulishe akili yake na ndege. Nikanyamaza. Nilidhani hakunielewa, na kwa kweli sikuona kuwa ni jambo la kugombania. Ndege ni ndege, nikasema moyoni, kuna anayeumia?

Alikuwepo wa kuumia. Alikuwa bado anacheza kibaba baba uani.

Mwanangu ninayemsema si wa tumbo langu. Ni binti wa marehemu mdogo wangu, nimemlea tangu hajaota meno, ananiita mama. Alipokua akapata mchumba huko huko mlimani, kijana anayeendesha bodaboda kijiweni Makuyuni, si mtu mbaya hata kidogo. Shangazi akamfunda, tukamwoza, wakapata mtoto wa kike. Na mwanangu ana akili ya biashara ambayo sijui aliirithi wapi. Aliona kabichi na karoti zinaozea mashambani mlimani wakati sisi Handeni mvua ikikataa imekataa, mtu anakula mlenda mpaka anauchukia. Akaanza kukusanya mboga kwa majirani, kabichi, hoho, njegere, anazipakia kwenye matenga na viroba, anazishusha hadi barabarani, anapanda gari mpaka Korogwe, na kutoka Korogwe mpaka huku. Kabla ya siku ya soko analala kwangu. Nyingine anazishusha kwenye genge langu pale Chanika, zilizobaki anazipeleka sokoni, kesho yake anarudi kwake.

Mwaka wa kwanza mumewe alikuwa anasifia. Alikuwa anayafunga matenga kwenye pikipiki mwenyewe, na mtoto alikuwa anaachwa kwa mama mkwe. Kisha mama mkwe akaugua miguu, na pale kijiweni wenzake wakaanza. Mkeo anajulikana na makondakta wote. Mkeo anaijua Handeni kuliko wewe. Mkeo ndiye njiwa bwana, wewe ndiye unayelia kwenye majani. Maneno ya vijana wasio na abiria, lakini mume akayabeba mpaka nyumbani. Akabadilika. Akaacha kufunga matenga. Siku moja akamtumia neno kupitia kwa baba yake mdogo: aache safari za Handeni, au arudi kwao, na mtoto abaki kwa baba yake.

Niwaeleze kwetu mambo yanavyokwenda. Ndoa ikipata ufa, mke hapelekwi kwa mwenyekiti wala kwa wazazi. Anarudishwa kwa kungwi wake. Pande zote mbili zinakaa, kungwi anayarudia mafunzo mbele ya watu, na mke anaulizwa kama alifundwa au hakufundwa. Akisema alifundwa, amekiri kosa. Akisema hakufundwa, amemvua nguo kungwi wake hadharani. Kisha kungwi anafunga maneno, na yakifungwa hayafunguliwi. Mtego gani huu? Sungura wa porini anaachiwa upenyo kuliko sisi.

Nilifunga genge langu nikapanda mlima. Kikao kilikuwa barazani kwa shangazi, baada ya swala ya Ijumaa. Mume alikuja na baba yake mdogo, mtu wa maneno mengi, na wazee wawili ambao sijui hata waliletwa kwa kazi gani maana walikunywa chai tu. Sisi tulikuwa shangazi, mimi, na mwanangu na mtoto wake mapajani.

Baba mdogo akafungua. Alisema mengi ya heshima, akayazungusha, mpaka akafika alipokuwa anakwenda, kwamba wao hawana ugomvi na mke wao, ila wanashangaa kama kwao hakufundwa. Nikaomba kusema. Nikasema bati lile juu ya nyumba ya kijana wao limepanda kwa kabichi, na hakuna aliyelalamika mvua iliponyesha. Ndipo yule bwana akanigeukia akasema, kwa adabu kabisa, kwamba naeleweka, kwani mboga hizo ndizo zinazojaza genge langu.

Loh. Mimi. Mtoto nimemlea kwa uji wa kuazima, halafu niambiwe namtetea kwa ajili ya hoho. Akutukanaye hakuchagulii tusi, nilijua hivyo, lakini lile sikulimeza. Nikamwambia genge langu lilikuwepo kabla mwanangu hajajua kuhesabu na litakuwepo baada ya kikao hiki, na kama anataka nilifunge nitalifunga, mradi mtoto wangu asinyang'anywe mtoto wake. Wale wazee wawili wakaangalia vikombe vyao.

Basi shangazi akaanza somo. Aliyapita ya usafi, akayapita ya ulimi, akafika kwa njiwa. Njiwa bwana ana miguu ya manjano kwa sababu anatembea na dunia. Nikamtazama mwanangu. Alikuwa amemkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka yule mtoto akalalamika. Nikajua sentensi mbili zikishapita atakuwa ameulizwa, na atasema alifundwa, kwa sababu hawezi kumwaibisha shangazi, ambaye kwake ni bibi, na mambo yatakuwa yameisha.

Nikasimama. Nikamkatiza kungwi katikati ya somo, jambo ambalo sijawahi kuliona wala kulisikia. Nikasema hao ni ndege wawili. Si mume na mke. Kila mmoja ana mke wake. Mke wa yule mwenye miguu ya manjano naye ana miguu ya manjano na anashuka bondeni kila siku, na hakuna aliyempeleka kwa kungwi. Na wale mnaowaita bibi, nusu yao ni madume, na anayelia kwenye majani ni dume, na mchana dume ndilo linalokalia yai.

Mzee mmoja alipaliwa na chai. Baba mdogo akasema wamekuja kusuluhisha ndoa, hawakuja kutazama ndege. Shangazi akaniambia nikae chini. Nikasema sikai, kwa sababu hiyo ndoa mnataka kuihukumu kwa ndege, basi mkamwone huyo hakimu wenu. Mti uko nyuma ya nyumba hii. Umezaa. Hatua chache tu, hata kanzu hazitachafuka.

Aliyenyanyuka wa kwanza alikuwa mume. Sijui kama ni hamu ya kujua au alichoka kukaa. Alipokwenda yeye, wengine wakaona aibu kubaki. Tukasimama shambani katikati ya maharage, wanaume wazima shingo juu. Na Mungu si Athumani, walikuwepo wote, wakubwa wanagombania matawi ya nje, na ndani kidogo wale weusi. Nikawaonyesha. Yule pale, ukosi mweupe. Yule pembeni yake, kichwa cha hudhurungi. Akaanza kuinama na kuinuka, akalia. Hata mimi nisingeweza kumpangia vizuri zaidi.

Mume aliwatazama kwa muda mrefu. Akasema taratibu kwamba ni kweli, hao weusi wako wawili wawili. Nikafurahi. Mjinga mimi. Baba mdogo akakuna kidevu, akasema wale weusi lazima watakuwa watoto wa wale wakubwa, bado hawajaota madoa.

Watoto! Watoto wanaotongozana na kujenga! Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yule alikuwa na macho, ametazama, na ameona alichokuja nacho kutoka nyumbani. Akawachukua wenzake wakarudi kwenye chai, na mume akawafuata nyuma.

Tukabaki wanawake watatu na mtoto. Nikamgeukia shangazi, maana yeye ndiye niliyemtaka. Nikamwambia, sasa umeona, hujachelewa, rudi barazani ufunge maneno kwa haki. Nilisema kwa upole, wallahi. Nilidhani namtoa gizani mzee wangu.

Shangazi alikuwa anang'oa magugu kwenye maharage, mgongo umeinama. Hakuinuka.

"Hayo niliyajua kabla wewe hujazaliwa," akasema.

Sikuelewa. Akaeleza kwamba amekulia chini ya msitu ule, amechuma kuni humo tangu utotoni, iweje asijue dume na jike. Kungwi aliyemfunda yeye alijua pia. Na yeye shangazi mwenyewe alikuwa na biashara yake enzi za ujana, alikuwa akishuka na ndizi mbivu mpaka stesheni ya Korogwe, anauzia abiria wa treni madirishani, na aliipenda kazi ile. Akarudishwa kwa kungwi wake, akasomewa njiwa, akiwa anawajua njiwa. Akasema alifundwa. Hakushuka tena.

"Mwanamume hamwangalii ndege," akasema. "Anataka neno la kumtuliza. Ukimpa, nyumba inakaa."

Hapo ndipo hasira niliyokuwa nayo siku nzima nikaiona ilikuwa mchezo. Mtu asiyejua unamsamehe. Lakini huyu alijua! Alijua nikiwa mwali mbele yake. Alijua nikiwa eda, niliposimulia kwa furaha nilichokiona, na yeye anachambua maharage. Amewafunda mabinti wa ukoo mzima, mmoja baada ya mwingine, ananyanyua sauti yake nzuri, na moyoni anajua kwamba anachosema si kweli, na kwamba aliyemnyima stesheni yake alimnyima kwa uongo huo huo. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilimwambia kwamba aliyechomwa na pilipili hampaki mwenzake machoni. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

Mwanangu alimshusha mtoto, akachuchumaa mbele ya bibi yake ili waonane usoni. Akamwomba kitu kimoja tu, arudi barazani akawaambie wanaume hayo aliyotuambia sisi. Yeye hataki atetewe. Anataka yasemwe. Shangazi akamshika shavu kwa mkono wenye udongo, akaenda kunawa.

Tukarudi. Baba mdogo akamwomba kungwi amalizie. Mwanangu akamkazia macho bibi yake, akangoja. Na mimi nikangoja, kwa sababu pamoja na yote bado nilikuwa na tumaini. Shangazi akaweka mtandio wake vizuri, akakohoa kidogo.

Njiwa bwana, akasema, ana miguu ya manjano kwa sababu anatembea na dunia.

Neno kwa neno. Sauti ile ile. Mikono yake ilikuwa bado na majimaji ya kunawa, ametoka kuwatazama ndege wenyewe, na hakuruka hata neno moja. Nilinyanyuka, sijui ningefanya nini, pengine ningemwaga chai ya watu, lakini mwanangu alinivuta kanga akasema, "Mama, kaa." Nikakaa.

Kungwi alipofika mwisho akamuuliza kama alifundwa au hakufundwa. Mwanangu akasema alifundwa. Baba mdogo akapumua, akaanza kukusanya kanzu yake. Lakini mwanangu alikuwa hajamaliza. Akamgeukia mumewe, si baba mdogo wala wale wazee, akamwambia kwamba alifundwa, na somo hilo hatalifuata.

"Siku ya soko nashuka Handeni," akasema. "Kama unaniacha, niache hapa, kwa mdomo wako mwenyewe, nikusikie."

Baba mdogo akamwambia kijana wake aseme, awe mwanamume. Akamwambia mara ya pili, na safari hii sauti ilikuwa kali. Yule kijana alikuwa ameishika kofia yake ya pikipiki magotini, anaizungusha. Tangu tufike hakuwa amesema neno lolote barazani pale, yote alisemewa.

"Mtoto atabaki na nani?" akauliza.

Sote tulidhani ndiyo talaka inaanza, kwamba anadai mtoto wake. Mwanangu peke yake ndiye aliyesikia kuwa ni swali.

"Na wewe," akamjibu.

Kijana akasema hajui kupika uji wake. Mwanangu akasema si kazi ngumu, atamwonyesha jioni. Kijana akafikiri, akasema siku hiyo huwa anachelewa kutoka kijiweni, basi sasa atatoka mchana. Na walivyokuwa wanaongea, taratibu, mambo ya uji na nepi na nani atafunga tenga, baba mdogo akawa amesimama mlangoni hana wa kumwambia kitu. Aliaga. Wale wazee wakamfuata, na mmoja wao akarudi kuchukua fimbo yake.

Mwanangu akamfunga mtoto mgongoni. Akampigia goti bibi yake, akamshukuru kwa chai na kwa kuwapokea, kama inavyopasa. Kisha, akiwa bado amepiga goti, akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba huyu mtoto akikua, hatamleta kwake. Atamfunda mwenyewe.

Kungwi ananyimwa mwali na mjukuu wake mwenyewe. Kwetu hakuna kubwa kuliko hilo. Shangazi, ambaye ana neno kwa kila jambo, la harusi, la msiba, la mgeni aliyechelewa, akanyoosha mkono tu kwenye mguu wa mtoto uliokuwa unaning'inia, mwanangu akainuka, na mkono ukabaki hewani. Sikumwonea huruma wakati ule, na nikisema kweli, mpaka leo najitahidi bila mafanikio. Nilimsaidia kukusanya vikombe, maana vilikuwa vingi.